Leso ya mama yake imefuliwa: tumlee vipi binti wa miaka 15 katika nyumba ya watoto saba?

MamaSaba_Nakuru

Hamjambo wote. Natafuta ushauri wa watu wanaoijua kazi ya kukaa na watoto waliofiwa.

Dada yangu mdogo alifariki Kisumu miezi mitatu iliyopita. Binti yake wa pekee ana miaka 15, yuko Gredi ya 9, na sasa anaishi kwetu Section 58 hapa Nakuru. Tuko watu kumi na mmoja: mimi na mume wangu, watoto wetu saba (wa kwanza ana miaka 17, kitinda mimba mitatu), mama mkwe, na yeye. Vyumba vya kulala ni vitatu, naye analala na wasichana wangu watatu. Amekulia nyumba ya watu wawili.

Mwanzo alikuwa mtulivu kupita kiasi. Saa kumi na moja asubuhi yuko macho anaosha vyombo vya jana, anafagia, haombi kitu chochote. Jumamosi iliyopita binti yangu wa miaka 12 alitoa leso ya marehemu kwenye begi la mwenzake, akaifua pamoja na nguo za mtoto na kuianika. Mwenzake alipoiona kwenye kamba alipiga ukemi, akamzaba makofi mawili, akajifungia bafuni saa nzima. Tangu siku hiyo hakai mezani, anakula jikoni amesimama.

Mume wangu anataka aombe msamaha mbele ya wote. Mama mkwe anasema apelekwe bweni akili itulie. Wadogo wanamwita "mgeni", na yeye mwenyewe hajui aniite nani. Nianzie wapi?

---

Mwalimu wa Ushauri, Kakamega

Pole kwa msiba, mama. Tuanze na leso.

Leso ambayo haijafuliwa hukaa na harufu ya mwenyewe: mafuta aliyojipaka, jasho, moshi wa jikoni kwake. Picha mnazo, jina mnalo, lakini harufu haina nakala. Binti yako wa miaka 12 alifua kwa nia njema kabisa, na alichokiondoa hakirudi. Yote mawili ni kweli, na kila mmoja wao anastahili kuyasikia, kwanza akiwa peke yake.

Leo usiku kaa na binti wa marehemu mahali ambapo hakuna anayepita. Mwambie hivi: "Leso ile ilikuwa na harufu ya mama yako na sasa imetoka. Nimesikitika. Sisi watu wazima hatukukupa mahali pa kufungia vitu vyako." Ukishasema hayo, ishia hapo. Usiweke "lakini" mbele yake. Akikaa kimya dakika tano, kaa naye kimya dakika tano.

Makofi yangoje kesho. Yasiachwe, maana mtoto wa nyumbani hukosolewa, ni mgeni ndiye anayesamehewa bila kuulizwa. Mwambie sheria ya hakuna kupigana inamhusu kama inavyowahusu wengine saba. Halafu wakutanishe wawili hao tu, wewe ukiwapo. Mdogo aseme alichukua kitu cha mwenzake bila kuuliza. Mkubwa aseme alimpiga. Sentensi moja moja zinatosha. Msamaha wa mbele ya watu kumi ndio ninaokusihi usiuruhusu: ataomba, ndiyo, lakini kitakachobaki kichwani mwake ni watu kumi wakimtazama.

Kisha nunua sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, na kufuli lenye funguo mbili. Mmoja auvae shingoni au auweke kwenye mkoba wa shule. Wa pili utieni kwenye bahasha, muigundishe, aandike jina lake juu ya mkunjo, wewe uitunze kwa ajili ya siku atakapopoteza wake. Hapo ataona wazi kama bahasha imefunguliwa. Na wale wako wapate kila mmoja katoni au kikapu chenye jina lake siku hiyo hiyo, la sivyo sanduku litakuwa chanzo cha ugomvi mwingine.

Sasa tafuteni vitu vya marehemu ambavyo bado havijaguswa na maji: sweta, kitambaa cha kichwa, foronya. Kila kimoja kiingie kwenye mfuko wake wa plastiki wenye kufunga mdomo, bila kukunjwa sana, na mfuko ukae ndani ya sanduku mbali na jua. Msitie dawa ya nondo wala sabuni ya kipande humo, kwa sababu hizo hufunika harufu nyingine. Afungue yeye tu, kwa muda mfupi, akitaka.

Hivyo vyombo vya saa kumi na moja vinanitia wasiwasi kuliko makofi. Mtoto aliyefiwa akifanya kazi kuliko wenye nyumba, mara nyingi analipa kodi: anaamini akiwa na faida hatafukuzwa. Bandika ratiba kwenye mlango wa jikoni, majina yote manane, kazi mbili kwa kila mkubwa, na siku moja ya kila mtu kupumzika. Ukimkuta na sifongo siku isiyo yake, ichukue mkononi mwake taratibu useme, "Leo si zamu yako." Na tafadhali, usimsifu mbele ya wenzake kwa bidii yake. "Tazameni dada yenu anavyofanya kazi" ni njia ya haraka ya kumtafutia maadui saba.

Kuhusu kula amesimama, usimvute mezani. Weka kigoda jikoni. Mpakulie sahani yake kabla sufuria haijatoka, kwa kuwa mtoto aliyezoea chakula cha watu wawili hula polepole na katika meza ya watu kumi anakuta mboga imekwisha. Kaa naye hapo siku mbili tatu na sahani yako. Siku ya nne au ya tano mwite huyu wako wa miaka 17 awe wa tatu. Meza itafuata yenyewe.

---

Muuguzi wa Afya ya Akili, Kisumu

Naongezea upande wa afya, maana kijana aliyefiwa huwachanganya watu wazima. Saa mbili anacheka na wenzake mbele ya televisheni, saa tatu analia kwenye mto, na familia inaanza kusema anaigiza. Haigizi. Akili ya umri huo huingia kwenye huzuni na kutoka, inakwenda kupumzika kisha inarudi. Maumivu ya tumbo, kichwa, hasira ya ghafla, kusahau somo alilolijua jana, yote hayo ni ya kawaida miezi ya mwanzo.

Usingizi uangalieni kwa karibu. Umri wake unahitaji saa nane hadi kumi. Akilala saa sita usiku kwa sababu chumba kina kelele, kisha akaamka saa kumi na moja, amepata tano, na hapo hata asiyefiwa angegombana na watu. Mpeni kitanda cha chini upande wa ukuta. Fungeni waya na pazia la kanga kuukuu ubavuni, na apate tochi ndogo yake. Taa ya chumba izimwe saa tatu na nusu kwa wote wanne. Asilale kitanda kimoja na mtoto anayekojoa.

Dalili za kukufanya usingoje ni hizi: anakaa karibu siku nzima bila kula na nguo zinaanza kumlegea, anagawa vitu anavyovipenda, anajikata, anasema afadhali angekwenda na mama yake, au anaacha kabisa marafiki na masomo. Ukisikia au kuona mojawapo, muulize kwa maneno yenyewe: "Je, umefikiria kujiua?" Swali hilo halimtii wazo ambalo hakuwa nalo. Linampa ruhusa ya kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali ya rufaa ya kaunti hapo Nakuru, ile ambayo wenyeji bado wanaiita PGH, muulizie huduma za afya ya akili. Wengine huogopa polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Nenda bila kuficha sababu.

Bila kungoja dalili yoyote, wiki hii fungia sumu ya panya, dawa za mifugo au shamba, na vidonge vya presha vya nyanya kama anavitumia. Nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu inahitaji hivyo hata hivyo.

Simu ya bure ya watoto ni 116, mchana na usiku, na wewe mlezi unaweza kuipiga pia. Kama huzuni ikipita miezi sita bila kulegea, yaani kila siku yuko pale pale pa wiki ya mazishi na maisha yamesimama, hiyo nayo ni sababu ya kumwona daktari.

Na wewe, mama, umefiwa na mdogo wako. Ukijificha chooni kulia, unamfundisha kujificha. Machozi yakija ukisonga ugali, sema, "Nimemkumbuka mama yako," uendelee kusonga.

---

Karani wa Wakili, Kisumu

Wengi huacha karatasi hadi Januari, shule inapozitaka. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Kama mlizika kwa kibali mkaishia hapo, ombeni cheti cha kifo sasa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au Huduma Centre. Halisi itunzwe, na mtoe nakala zisizopungua tano: shule, benki, kampuni ya simu, fomu za basari, mahakama. Pamoja nacho wekeni cheti cha kuzaliwa cha binti na barua ya chifu wa mahali marehemu alipotoka, yenye jina la mtoto kama mrithi.

Mlezi wa kisheria huwa aliyeandikwa na mzazi au aliyeteuliwa na mahakama chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Anzeni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo mnakoishi, awaelekeze Mahakama ya Watoto. Kama baba yake anajulikana na yu hai, msimruke: Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya kulelewa na mama na baba, wawe walioana au hawakuoana.

Mali ya marehemu msiiguse kiholela. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kama hakuna mume, mali hiyo ni ya watoto, na hapa mtoto ni mmoja. Kwa kuwa hajatimiza miaka 18 itashikwa kwa amana, na kwa hali hiyo mahakama haimpi msimamizi mmoja peke yake, isipokuwa awe Mdhamini wa Umma au shirika la amana. Mtajwe angalau wawili, na wasizidi wanne. Kutoa pesa za M-Pesa za marehemu kwa sababu mnajua namba ya siri ni kuingilia mali yake, nalo ni kosa chini ya kifungu cha 45, hata kama pesa zilinunua sare za mtoto huyo huyo.

Simu yenyewe ina jambo jingine. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika hufutwa baada ya siku 120. Miezi mitatu imepita, kwa hiyo hesabuni zilizobaki. Iwasheni, muiunganishe na intaneti, mnakili picha na sauti kwenye kompyuta au kadi. Kwenye Android, sauti zinakaa katika folda iitwayo WhatsApp Voice Notes. Nakilini na zile alizokutumia wewe. Laini isiyotumika huishia kupewa mtu mwingine, na mwenye laini mpya akijisajili WhatsApp, mtoto atafungua simu yake siku moja akute sura ya mtu asiyemjua mahali palipoandikwa "Mama". Mwambieni mapema kwamba hilo linaweza kutokea.

---

MamaSaba_Nakuru

Asanteni sana. Nilizungumza naye jana usiku kama Mwalimu alivyosema. Hakujibu, ila hakuondoka.

Yamebaki matatu. Bweni, jina, na nyumba ya Migosi, Kisumu, aliyokuwa akiishi marehemu. Kodi imelipwa hadi mwisho wa mwezi. Mume wangu na kaka yangu wamepanga kwenda na pikapu kupakia kila kitu siku ya shule, binti asijue, ili asilie. Nguo zigawanywe kwa akina shangazi kama ilivyo desturi.

---

Mwalimu wa Ushauri, Kakamega

Bweni kwanza, upesi. Mwaka huu amepoteza mama, nyumba, mji na shule. Bweni sasa ni kutengana kwa mara ya tano, tena kunakuja baada ya makofi mawili, kwa hiyo ataisoma kama adhabu hata mkimwapia sivyo. Amalizie Gredi ya 9 akitokea nyumbani. Mkichagua shule za Gredi ya 10 keti naye, na za kutwa za Nakuru ziwe kwenye orodha kwa dhati. Akiomba bweni mwenyewe, mpeni. Muulize pia mwalimu mkuu mara moja kama KNEC, baraza la mitihani, imemsajili Kisumu au hapo kwa KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, kwa sababu kuhama baada ya usajili si jambo rahisi. Mtihani huo una asilimia 60 ya alama zake za mwisho. Zile 40 zinatokana na KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, na kazi za Gredi ya 7 na 8, nazo tayari anazo. Mkumbushe hilo siku atakayosema hajui kitu tena.

Mwalimu wa darasa aambiwe mambo mawili tu: mama yake amefariki, na asisomewe fomu ya jina la mzazi kwa sauti mbele ya darasa. Insha za "Mama yangu" apewe mada mbadala.

Jina. Kwa Waluo na Waluhya ndugu wa kike wa mama ni mama, hilo linajulikana, lakini usimdai neno hilo sasa. Mpe matatu achague: mama mkubwa, aunti, au uitwe kwa jina la mtoto wako wa kwanza kama jirani wanavyokuita. Aghalabu huchagua la tatu, usiumie. Na wewe ukimtambulisha kanisani au kwa wageni sema, "Huyu ni binti wa dada yangu, ni wetu." Neno yatima lisitamkwe sebuleni. Wadogo waachisheni kumwita mgeni kwa kuwapa la kusema badala yake, jina lake, basi. Huyo wa miaka mitatu akiuliza mama ya dada yuko wapi, jibuni "amekufa, hatarudi." Mkisema amelala, mtoto ataogopa kulala. Mkisema amesafiri, atamuuliza dada kila wiki atarudi lini.

Nyumba ya Migosi: naomba sana msiende bila yeye. Akilia huko, analia mahali panapostahili. Akirudi siku moja akakuta mlango wa mtu mwingine, hatawaamini tena na funguo wala na neno. Nendeni Jumamosi, mtoke Nakuru alfajiri, pikapu moja na watu wasiozidi wanne. Akina shangazi waje adhuhuri, si mapema. Beba katoni tatu na kalamu nene.

Akifika, aingie wa kwanza na akae atakavyo, hata saa nzima. Kisha achague, na chake kiingie katoni mbili kabla nguo yoyote haijagawanywa. Atachagua vitu ambavyo mtamshangaa: sufuria yenye mkono uliovunjika, kikombe, daftari la hesabu za duka, chupa ya mafuta iliyobaki robo. Hivyo vyote ni sahihi. Katoni ya tatu iandikwe "bado", iwe ya asivyoweza kuamua, ikae kwenu juu ya kabati mwaka mzima bila kufunguliwa na mtu. Kila chumba kipigwe picha kikiwa bado hakijaguswa: jikoni, mlango, dirisha na kinachoonekana nje yake. Kitabu cha risiti za kodi na kadi ya kliniki vichukuliwe na wewe.

Wanaume waanze na vizito, meza, viti, mtungi wa gesi. Kitanda kivuliwe mwisho, na foronya aivue yeye. Uwe na mfuko wa plastiki tayari mkononi.